Wakati wa Kushuka Rubani Hasemeshwi, Dereva Je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi wa Desemba mwaka 2023. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini nakusihi usiikate mkia, maana neno lenyewe limo mwishoni.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Nyamiaga, wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera. Anayeijua Ngara anajua kuwa ni nchi ya milima. Kwetu hakuna safari isiyokuwa na kupanda na kushuka. Malori yanayokwenda Rwanda hushuka hadi daraja la Rusumo, na yanayokwenda Burundi hupita kwetu hadi Kabanga. Watoto wetu hujifunza mapema kuwa baiskeli haimwui mtu akipanda, humwua akishuka.

Siku hiyo nilikuwa natoka Kahama kwa basi ambalo sitalitaja jina, kwa sababu sikukusudia kumchongea mtu. Tulipita Biharamulo salama. Wasafiri wa zamani tunaikumbuka njia ile ya msituni enzi za ujambazi, mabasi yalipokuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Siku hizi hofu hiyo imepungua, na nadhani ndiyo maana tumejisahau.

Tulipoanza mteremko mmoja mrefu upande wa Ngara, dereva alikuwa na simu sikioni. Alikuwa akibishana na mtu kuhusu fedha za mzigo. Konda naye alikuwa amesimama ubavuni pake, ameshika noti mkononi, anamwambia kuwa hesabu ya nauli haitimii. Dereva akawa anamjibu huyu, anamjibu na yule. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Niliona, na nilisikia. Nikajiambia moyoni, "Huyu kijana amezoea njia, tena mimi nikisema wataniita mzee wa maneno." Nikanyamaza.

Kwenye kona kulikuwa na lori bovu limesimama, matawi ya miti yamewekwa barabarani kama ilivyo desturi. Dereva aliliona akiwa amechelewa. Alikanyaga breki, akakata usukani, basi likaingia mtaroni na kulalia ukingo. Mungu ni mwema, hakufa mtu. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na mtoto wake akapasuka mdomo.

Tulipokuwa tumekaa kando ya barabara tukisubiri msaada, yule utingo, kijana wa miaka kama 20, alikuja kuketi karibu nami. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, mimi lile lori nililiona mapema. Nilidhani bosi naye ameliona."

Maneno hayo hayajanitoka hadi leo. Maana na mimi niliona, na mimi nilidhani.

MWANAFUNZI ALIVYONIFUNDISHA

Baada ya siku chache alikuja kuniamkia kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni fundi wa ndege. Alikuwa amekuja kumwuguza mama yake hapa Nyamiaga. Nilipomsimulia habari ya basi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo ni ajali ya ndege iliyotokea barabarani."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Basi akanieleza, nami nikaendelea kusoma mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa lugha yetu ya kawaida ili kila mwananchi ayaelewe, hata ambaye hajapanda ndege.

Jambo la kwanza ni kwamba ndege ikiwa juu kabisa, rubani ana nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Chini yake kuna maili nyingi za hewa tupu. Lakini ikianza kushuka, kazi zote huja kwa wakati mmoja. Lazima azungumze na mwongoza ndege, apunguze mwendo, atoe magurudumu, asome karatasi ya ukaguzi, atazame mawingu, na wakati huo huo ajue yuko kimo gani. Katika hatua ya mwisho ndege kubwa hushuka kama futi 700 kila dakika. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: aliye futi 1,000 juu ya ardhi ana dakika moja na nusu hivi. Akibishana na mtu kwa dakika hiyo moja, imekwisha.

Jambo la pili ni kuhusu chombo kinachopima kimo. Wengi wetu tunadhani chombo hicho huona ardhi. Hakioni. Chombo cha kawaida hupima mgandamizo wa hewa, na rubani lazima akirekebishe kufuatana na hewa ya mahali anapokwenda kutua. Akiwa juu sana hutumia kipimo kimoja ambacho marubani wote duniani hukitumia, yaani milibari 1013. Akishuka hubadili na kuweka kipimo cha uwanja anakokwenda, ambacho hupewa kwa redio. Akikosea milibari moja, kimo kinakosewa kwa futi kama 30. Akikosea 10, ni futi karibu 300, na kilima kidogo tu kinatosha kuzijaza futi hizo.

Tena chombo hicho huhesabu kutoka usawa wa bahari, hakihesabu kutoka ardhi iliyo chini ya ndege. Uwanja wa Dar es Salaam uko chini ya futi 200 kutoka usawa wa bahari. Entebbe ni futi karibu 3,780. Nairobi ni zaidi ya futi 5,300. Kwa hiyo rubani akisoma futi 5,000 juu ya Dar es Salaam, yuko juu sana angani. Akisoma futi 5,000 Nairobi, yuko chini ya udongo.

Mtu atasema, nani atakosea jambo la wazi namna hiyo? Limekosewa, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

NAIROBI NA ROMA

Tarehe 3 Septemba, 1974, ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya Shirika la British Airways ilikuwa ikishuka kwenda Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Waliokuwa ndani ya chumba cha marubani walielewa futi 5,000, na wakaiweka namba hiyo kwenye mtambo. Watu kadhaa wenye ujuzi walikuwa mle, vyombo vyote vilikuwa vizima, na uwanja uliokuwa mbele yao uko juu kuliko namba hiyo. Ndege ikashuka kwa utulivu ndani ya mawingu. Ilipotoka mawinguni, ardhi ilikuwa hapo hapo, maili kadhaa kabla ya uwanja. Waliinua pua ya ndege wakiwa wamebakiza futi zisizozidi 100, wakapanda, wakazunguka na kutua salama. Abiria waliteremka na kwenda zao. Kati yao na msiba mkubwa palikuwa na urefu wa mnazi tu.

Namba mbili zilizofanana masikioni ndizo zilizotaka kuwaua. Hapakuwa na mlevi wala mzembe. Sikio lilisikia lilichotarajia, na wengine wakadhani kuwa mwenzao amesikia sawa.

Wenzetu wa Uganda hawakupata bahati hiyo. Tarehe 17 Oktoba, 1988, ndege ya Uganda Airlines aina ya Boeing 707, iliyotoka London kwenda Entebbe kwa kupitia Roma, ilikuta ukungu mzito katika uwanja wa Fiumicino. Rubani alijaribu kutua mara mbili akashindwa. Mara ya tatu alishuka kupita kimo ambacho hakupaswa kukipita kabla ya kuuona uwanja. Ndege iligonga nyumba ikiwa bado haijaufikia uwanja. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walikufa. Wachunguzi walisema kuwa wafanyakazi wa chumba cha marubani hawakujiandaa ipasavyo kwa utuaji wa namna ile, wala kuimba kimo kwa sauti hakukufanyika inavyotakiwa.

Huko kuimba kimo kuna maana kubwa. Rubani mmoja anaposhika usukani, mwenzake hutakiwa kutaja kwa sauti: tumebakiza futi 1,000, tumebakiza 500, tumefika kikomo. Hata kama mkubwa anaona mwenyewe, mdogo lazima aseme. Haruhusiwi kudhani.

BALBU MOJA NA SOGA

Ng'ambo nako wamezika watu wengi kabla ya kujifunza. Usiku wa tarehe 29 Desemba, 1972, ndege ya Shirika la Eastern la Marekani ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kuwa gurudumu la mbele limetoka haikuwaka. Wakapanda futi 2,000, wakaiachia ndege ijiendeshe kwa mtambo, kisha wote wakaishughulikia taa. Mtambo uliguswa bila wao kujua, ndege ikaanza kushuka pole pole. Kengele ya kuonya kimo ililia, hakuna aliyeitikia. Ndege ikaingia katika kinamasi, na kati ya watu 176, 101 walipoteza maisha. Baadaye ikajulikana kuwa gurudumu lilikuwa limetoka vizuri. Balbu tu ndiyo iliyokuwa imeungua. Watu 101 kwa ajili ya balbu!

Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Septemba, 1974, ndege nyingine ya shirika hilo hilo ilianguka ikikaribia Charlotte kwenye ukungu. Walikufa watu 72 kati ya 82. Chombo cha kunasa sauti kilionyesha kuwa marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na magari yaliyotumika huku wakishuka.

Kutokana na misiba ya namna hiyo, mwaka 1981 Serikali ya Marekani iliweka kanuni ambayo baadaye ilienea katika mashirika ya ndege duniani. Ndege ya abiria ikiwa chini ya futi 10,000, iwe inapaa au inashuka, na hata inapotembea uwanjani, ni marufuku marubani kuzungumza au kufanya jambo lolote lisilohusu usalama wa ndege kwa wakati huo. Mhudumu haruhusiwi kuingia kuuliza habari za chai. Hesabu za abiria, porojo na makaratasi ya ofisi, vyote vinangoja chini.

Wenzetu waliona kuwa kumwambia mtu "kuwa mwangalifu" hakutoshi. Kila mtu huwa mwangalifu mpaka anaposemeshwa. Wakaamua kumkinga asisemeshwe.

SISI WA KAGERA

Najua, Mhariri, kuwa msomaji wa Kagera hawezi kusoma habari za ndege bila kuikumbuka Bukoba. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, hatua chache kutoka uwanjani. Walikuwamo watu 43, na 19 walitutoka, wakiwamo marubani wote wawili. Wengine 24 waliokoka, na wavuvi wetu kwa mitumbwi yao walikuwa wa kwanza kuwafikia.

Ajali ile siitaji kama mfano wa watu waliopiga soga, la hasha. Waliofariki tuwaache wapumzike. Naitaja kwa sababu ilituonyesha sote kwa macho yetu jinsi hatua ya mwisho ya safari ilivyo fupi, na jinsi ilivyo karibu na nyumbani. Watu walikuwa wamekwisha kuiona Bukoba dirishani. Ndugu zao walikuwa uwanjani wanawangoja.

Nakumbuka pia mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu yasiyohesabika na kujaa Benaco. Ndege ndogo za misaada zilikuwa zikishuka katika kiwanja chetu cha Ngara, nasi tulikuwa tukisimama na wanafunzi kutazama. Nilikuwa nikiwaambia watoto kuwa kuruka ndiko kugumu. Leo nawaomba radhi wanafunzi wangu. Niliwafundisha kinyume.

UGONJWA WETU NI KUNYAMAZA

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Nimesoma habari hizi zote, na nimeona kuwa nyuma ya kosa la mmoja mara nyingi yupo mwingine aliyeona au angeweza kuona, akanyamaza. Hapo ndipo panapotuhusu sana sisi.

Kwetu mtoto hakosoi mkubwa. Ni mila nzuri, inalinda heshima, nami nimekula matunda yake kwa miaka yote niliyoshika chaki. Lakini mila hiyo ikipanda basi, inaua. Utingo hamwambii dereva kuwa kuna lori mbele, kwa sababu dereva ni bosi wake. Abiria hamwambii konda aache hesabu, kwa sababu ataambiwa ashuke atembee kwa miguu. Mzee kama mimi, ambaye kwa mvi zake angesikilizwa, anaogopa kuitwa mzee wa maneno. Tunakaa kimya, kila mmoja akidhani mwenzake ameona.

Katika urubani jambo hili limefanywa somo linalofundishwa darasani na kutahiniwa. Rubani msaidizi hufundishwa kumwambia nahodha wake, "Tuko chini mno." Na nahodha naye hufundishwa kuwa hilo si tusi. Heshima haijapotea. Imehamishwa kutoka kwenye cheo ikawekwa kwenye uhai wa watu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, wenye mabasi waweke sheria yao wenyewe, bila kungoja kusukumwa: basi likianza mteremko mkali, konda arudi nyuma akae, nauli na hesabu zingoje tambarare, na simu ya dereva iwe mikononi mwa utingo. Miteremko hiyo inajulikana. Kila dereva wa njia hii anaweza kuitaja usingizini.

Pili, utingo asiwe mtu wa mizigo tu. Apewe kazi ya kuwa jicho la pili, aseme kwa sauti anachokiona: lori mbele, kona kali, ng'ombe kulia. Dereva aitikie, ili ijulikane amesikia. Marubani hurudia maelekezo ya kimo kwa sauti, na baada ya yale ya Nairobi mwaka 1974 hatuna haja ya kuuliza sababu.

Tatu, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini imefanya vizuri kuweka mitambo ya kufuatilia mwendo wa mabasi. Lakini mtambo ule husema basi linakwenda kilomita ngapi. Hausemi kama dereva anagombana na konda. Siku ile sisi hatukuwa tukienda mbio. Naomba mafunzo ya madereva yaligusie jambo hili, na konda na utingo nao wafundishwe, maana wao ndio wanaomsemesha.

Nne, tuwe na njia ya mtu kueleza kosa lake bila kuadhibiwa, ili wengine wajifunze. Tarehe 1 Desemba, 1974, ndege ya Shirika la TWA iligonga mlima karibu na Washington kwa sababu marubani walielewa vibaya ruhusa ya kushuka, na watu wote 92 wakafa. Ikagundulika kuwa wiki sita kabla yake, ndege ya shirika jingine iliponea chupuchupu mahali pale pale kwa kosa lile lile. Shirika hilo liliwaonya marubani wake, lakini wa mashirika mengine hawakupata habari. Kuanzia mwaka 1976 Wamarekani wana utaratibu wa rubani au mwongoza ndege kuandika kosa lake kwa siri, na maelezo hayo huwasaidia wengine. Je, ni madereva wangapi wamenusurika katika kona ile ya kwetu na hawakumwambia mtu?

Tano, na hili ni letu sisi abiria. Tusiogope kusema. Lakini tuseme kwa adabu, na tumwambie konda kabla mteremko haujaanza. Ukianza, kelele za abiria nazo ni kumsemesha dereva. Nimeona mabasi ambamo abiria 40 wanamtukana dereva kwa pamoja wakati anakata kona. Hao hawamsaidii, wanamwongezea mzigo.

Najua wapo watakaosema kuwa basi si ndege, na kwamba mzee huyu amesoma mambo ya angani akachanganyikiwa. Nakubali basi si ndege. Ndege ina marubani wawili, ina mtambo wa kuonya kuwa ardhi iko karibu, ina mtu mnarani anayeitazama. Basi letu lina dereva mmoja na utingo anayeogopa kusema. Kama wenye vyote hivyo wameona lazima wanyamaze wakishuka, sisi tusio navyo tunapata wapi ujasiri wa kupiga soga?

Yule mama aliyevunjika mkono alitibiwa, akapona. Nilikwenda kumwona. Alinishukuru kwa kumjulia hali, akanipa na ndizi za kupeleka nyumbani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kuwa nilikuwa kiti cha pili, na kwamba niliona.

Leo nimemwambia kupitia gazeti hili. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu umenifunza uzeeni, na nimeahidi kuwa safari nyingine, mteremko ukikaribia, nitasema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mstaafu,
Nyamiaga, Ngara,
Kagera.